Pori Letu Si Mahali Patupu: Miombo ya Nyanda za Juu za Kigoma katika Kazi ya Uumbaji



Mwezi wa Septemba, mvua ikiwa bado haijanyesha, anayesafiri katika vilima vya Kasulu na Kibondo hadi Kumsenga huona jambo la kustaajabisha. Nyasi zimekauka, vumbi limetanda, vijito vimepungua; lakini miti ya porini inachipua majani mapya, mengine mekundu kama kutu, kabla ya tone la kwanza kuanguka. Tumeizoea hali hiyo tangu utotoni, hata hatuulizi tena maji hayo yametoka wapi. Tena tumezoea kusema kwamba hilo ni “pori” tu, tukimaanisha mahali pasipo kitu wala mwenyewe. Tungependa kuonesha kwamba sivyo.

Wataalamu huugawa uso wa nchi kavu katika kanda kuu za uoto na viumbe, kwa kutazama hasa joto na mvua. Kaskazini kabisa mwa dunia, ambako ardhi ya chini huganda mwaka mzima, miti haioti. Kuna kuvumwani na mimea mifupi, na kanda hiyo huitwa tundra. Kusini yake, kupitia Kanada, Skandinavia na Urusi, umeenea msitu mkubwa wa misonobari na jamii zake. Sahara ina viumbe wanaoweza kuishi kwa maji machache sana, na msitu wa Kongo, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, hupata mvua karibu mwaka mzima.

Sisi tumewekwa katika kanda ya savana zenye miti. Sehemu yake kubwa kusini mwa ikweta ni misitu ya miombo, inayotoka Angola kupitia kusini mwa Kongo, Zambia, Zimbabwe na Malawi hadi Msumbiji na Tanzania. Miyombo na mitundu ndiyo mingi humo, pamoja na mninga na mkora, tunayoijua kwa milango na vitanda vyetu.

Uzima uliofichika chini

Udongo wa miombo kwa kawaida hauna rutuba nyingi, na kiangazi hudumu miezi mitano au zaidi. Hata hivyo miti huishi, kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana na kuhifadhi akiba ya maji na chakula. Hiyo ndiyo siri ya majani ya Septemba. Zaidi ya hayo, mizizi mingi imeungana na kuvu waliomo udongoni: kuvu huipatia miti madini, nayo miti huwapa kuvu chakula. Aina nyingi za uyoga tunaouokota mvua zinapoanza ni tunda la ushirika huo.

Juu ya ardhi, maua ya miombo huwalisha nyuki, na asali imewasomesha watoto wengi wa familia zetu. Maji ya vilima hivi nayo hushuka katika mto Malagarasi, hupita kwenye mabwawa makubwa, kisha huingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovozi lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Humo huishi nzohe, viboko, na korongo nyangumi, ndege adimu mwenye mdomo mpana.

Tunachoweza kukipoteza

Mti wa miombo ukikatwa, mara nyingi kisiki chake huchipua tena. Msitu hufa tunapong’oa visiki, na tunapochoma moto mwishoni mwa kiangazi, wakati nyasi zimekauka kabisa na machipukizi bado ni machanga. Moto huo huwa mkali mno kuliko ule wa mwanzo wa kiangazi. Hata mzinga wa magome huua mti uliochunwa ganda pande zote.

Wapo wanaowalaumu wakimbizi kwa kupotea kwa miti. Ni kweli kwamba kambi kama Nyarugusu, iliyopo tangu miaka ya 1990, zimehitaji kuni nyingi. Lakini ndugu zetu wa Burundi na Kongo hupika kwa kuni kama sisi, na shoka lililofungua mashamba mapya mabondeni ni letu. Toba ya kweli haianzi kwa dhambi ya mgeni.

Katika Kitabu cha Mwanzo, mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Sisi wakulima tumelishika vizuri neno la kwanza. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wa Laudato Si’, alitukumbusha lile la pili.

Basi, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zijadili mambo manne kabla ya mvua kuanza: kuviacha visiki vichipue kando ya mashamba, kutowasha moto porini katika miezi ya mwisho ya kiangazi, kupanda miti ya kuni karibu na nyumba, na kutumia mizinga ya mbao. Tusipofanya hivyo, watoto wetu watanunua uyoga na asali kutoka mbali, na Septemba yao haitakuwa na majani mekundu.