Hitilafu ya umeme katika skuta

Hitilafu ya umeme katika skuta ni kasoro ya betri, nyaya, swichi au vifaa vya kutoa cheche inayozuia injini isiwake. Skuta ni pikipiki ndogo yenye magurudumu madogo na sehemu ya kuwekea miguu mbele ya kiti. Katika Afrika Mashariki watu wengi huiita vespa, hata kama si Vespa halisi ambayo kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kuitengeneza mwaka 1946.

Makala hii inaeleza zaidi skuta zenye injini ya aina ya GY6. Ni injini ya mipigo minne na silinda moja, inayotengenezwa kwa wingi Taiwan na China, kwa kawaida kwa ujazo wa sentimita za ujazo 50, 125 au 150.

Saketi mbili

Skuta ina saketi mbili za umeme zinazohusika na kuwaka. Ya kwanza ni saketi ya stata: betri hupeleka umeme kwenye mota ya stata, nayo huzungusha injini. Ya pili ni saketi ya cheche: plagi hupata umeme wa volti nyingi na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli.

Swali la kwanza la uchunguzi ni saketi ipi imeshindwa. Kitufe kikibonyezwa na injini isizunguke, kasoro iko upande wa stata. Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, betri na stata hazina lawama, na uchunguzi huhamia kwenye cheche. Asiyejiuliza swali hili huweza kununua betri mpya, kisha stata, kisha koili, na chombo kikabaki pale pale kwa sababu ya waya mmoja uliolegea.

Injini isipozunguka

Uchunguzi huanzia kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha karibu volti 12.6 hadi 12.8 kwenye mita. Ikionyesha chini ya 12 imeisha chaji. Hata hivyo, kipimo cha betri iliyopumzika hakitoshi. Betri chakavu huweza kuonyesha 12.5 ikiwa haifanyi kazi, kisha ikaanguka chini ya 9 mara stata inapoitwa. Kwa hiyo hupimwa pia wakati kitufe kimebonyezwa.

Baada ya betri huangaliwa fyuzi, ambayo aghalabu ni ya ampea 10 au 15. Fyuzi iliyokatika ikibadilishwa na kukatika tena, kuna waya unaogusa fremu. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya hakutibu kasoro hiyo, bali huweza kuunguza nyaya zote.

Katika skuta nyingi kitufe cha stata hakipati umeme mpaka breki ishikwe. Taa ya breki hutumika kama kipimo cha haraka: isipowaka kwa mkono mmoja wa breki, hujaribiwa mwingine. Ikiwaka kwa upande mmoja tu, swichi ya upande wa pili ina kasoro.

Sauti ya rilei nayo huongoza uchunguzi:
- Kimya kabisa: hukaguliwa fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi za breki, kitufe na rilei yenyewe.
- Mlio wa haraka wa mfululizo: betri ni dhaifu au vichwa vyake vimelegea au vimeshika kutu.
- Mlio mmoja kisha kimya: rilei haipitishi umeme wa kutosha, au stata imekwama au brashi zake zimelika.

Waya wa hasi unaounganisha betri na fremu husahaulika mara nyingi. Mita huwekwa kati ya kichwa cha hasi cha betri na chuma kitupu cha injini, kisha kitufe hubonyezwa. Ikionyesha zaidi ya takriban nusu volti, muunganisho huo ni mbovu. Katika miji ya pwani hewa ya chumvi huharakisha kutu, hivyo kusafisha viunganishi huweza kumaliza tatizo bila kununua kifaa chochote.

Injini ikizunguka bila kuwaka

Plagi hufunguliwa, hurudishwa kwenye kofia yake, na chuma chake hugusishwa kwenye injini, mbali na tundu la plagi, kabla ya injini kuzungushwa. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwapo, sababu hutafutwa kwenye petroli, kabureta, hewa au mgandamizo. Isipokuwapo, hujaribiwa kwanza plagi nyingine inayojulikana kuwa nzima, kisha hukaguliwa kofia na waya wake.

Skuta nyingi za GY6 hutumia kisanduku cha CDI kinachopata umeme kutoka koili za magneti, si kutoka betri. Ndiyo maana huweza kuwaka kwa kupiga kiki hata betri ikiwa imekufa. Katika mfumo huu ufunguo huzima injini kwa kuunganisha waya mmoja wa CDI na fremu. Swichi ikiharibika, au waya huo ukichubuka na kugusa chuma, cheche hupotea ingawa vifaa vyote ni vizima. Waya huo, ambao kwa kawaida ni mweusi wenye mstari mweupe, huchomolewa kwenye CDI kwa majaribio. Cheche ikirudi, kasoro iko kwenye swichi au waya. Wakati wa jaribio hilo ufunguo hauwezi kuzima injini mpaka waya urudishwe.

Cheche isiporudi, hupimwa koili za magneti, koili ya cheche na viunganishi vyake. CDI haipimiki vizuri kwa mita ya kawaida, kwa hiyo huhukumiwa mwisho, kwa kuweka nyingine nzima ya aina ileile.

Baada ya kuwaka

Injini ikiwaka na mwendo ukiongezwa kidogo, betri inapaswa kuonyesha takriban volti 13.5 hadi 14.8. Ikibaki kwenye 12, regyuleta au koili za kuchaji hazifanyi kazi, na betri mpya nayo itaisha baada ya muda mfupi.

Usalama

Umeme wa plagi huzidi volti 10,000. Waya wake haushikwi injini inapozunguka. Petroli iliyomwagika hufutwa na kuachwa ikauke kabla ya kujaribu cheche. Injini huwashwa mahali penye hewa ya kutosha, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.