Shika gurudumu la baiskeli uone linavyokukaidi

Ukipita Ukunda, simama kwa fundi wa baiskeli umwombe gurudumu la mbele lililofunguliwa. Mwambie ni dakika mbili tu. Atakucheka, lakini atakupa.

Shika ekseli kwa mikono miwili, gurudumu likiwa wima mbele yako. Mwenzako alizungushe kwa nguvu, upande wa juu ukikimbia kwenda mbele (chunga vidole na spoku). Sasa inua mkono wa kushoto, ushushe wa kulia. Ulidhani litalala tu kulia, sivyo? Wapi! Linageuka kulia kama usukani, kana kwamba kuna mtu mwingine amelishika.

Si jini hilo. Fuata kipande kimoja cha ringi. Kikiwa juu kinakimbia mbele, nawe umekisukuma kulia, basi kinaelekea mbele na kulia. Cha chini kinarudi nyuma, nawe umekisukuma kushoto. Jumlisha uone: gurudumu zima limegeukia kulia. Nguvu yako ya kupindua, ile wanafizikia huita torki, imehamisha mhimili. Pia ya mtoto pale Msambweni hufanya vivyo hivyo: uzito unaivuta chini, nayo inazungusha kichwa badala ya kuanguka, hadi kasi iishe.

Sasa yanisaidia nini hayo? Hebu panda matatu hadi Likoni, vuka kwa feri, nenda mpaka Malindi. Karibu na hapo, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano baharini, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri. Wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahususi kwa kupima eksirei kutoka angani.

Ilijizungusha polepole, mara moja kwa kama dakika 12, ikifagia ukanda mmoja wa anga. Lakini mhimili ukikwama, utaona ukanda uleule milele, na kule juu hakuna mkono wa kuusukuma. Kwa hivyo walitumia koili za umeme. Pitisha mkondo, koili inakuwa sumaku, usumaku wa Dunia unaipindua. Torki hafifu mno, lakini kidogo kidogo mhimili ukahama, na ukanda mpya ukafunguka. Kwa ujanja huo Uhuru iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300, na ikaonyesha Cygnus X-1 ikibadilika-badilika haraka ajabu. Leo tunajua pale pana shimo jeusi.

Haya, mrudishie fundi gurudumu lake. Mwenyewe anangoja.