Kuweka Vikomo vya Kasi katika Kubadilishana Mafaili

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa hapa sababu na namna ya kuweka vikomo vya kasi katika programu za kubadilishana mafaili, hususan zinazofuata utaratibu wa BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Utaratibu huo hauna ubaya kwa dhati yake. Kwa njia hiyo hiyo husambazwa programu huria kama Debian na LibreOffice. Taabu huanza pale programu moja inapoachiwa njia yote ya mawasiliano ya afisi.

Ifahamike kwamba anayepakua kwa utaratibu huu huwapakia wenzake vipande alivyokwisha kuvipata. Njia ya kupakia aghalabu ni nyembamba kuliko ya kupakua. Ikijaa, hata kupakua huzorota, kwani kompyuta inayopokea hulazimika kurejesha stakabadhi za vilivyowasili, na stakabadhi hizo hukwama katika foleni. Ndipo karani wa chumba cha pili anaposhindwa kutuma orodha ya mishahara, na lawama zote zikaelekezwa kwa kampuni ya simu.

Hivyo basi, ipimwe kasi ya kupakia wakati njia haitumiki, kisha kikomo kiwekwe kwenye asilimia 80 hivi ya kasi hiyo. Hapa wengi huteleza: kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, ilhali programu hizi huhesabu kwa kilobaiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 2 kwa sekunde ni kilobaiti 250 tu. Kikomo kiwe 200. Katika qBittorrent, kuandika sifuri si kuzuia, bali ni kuondoa kikomo kabisa.

Kwa upande wa kupakua, nusu ya kasi iliyopimwa yatosha saa za kazi. Programu ya Transmission ina alama ya kobe. Ikibonyezwa, huanza kutumika vikomo vya polepole vilivyoandaliwa. Vikomo hivyo vyaweza pia kupangiwa saa, vianze asubuhi na viondoke jioni.

Wanaonunua vifurushi wazingatie kwamba kikomo cha kasi hakizuii jumla ya matumizi. Kilobaiti 100 kwa sekunde, kwa muda wa saa 8, hukaribia gigabaiti 2.9. Mwenye kifurushi na aizime programu yenyewe kabla ya kulala, kwani kufunga dirisha lake peke yake huenda kukaiacha ikiendelea na kazi.