Usingizi Umekukataa? Tiba ya Simu Inakuambia Ukae Kitandani KIDOGO

Saa nane usiku, Korbesa. Mbuzi wametulia bomani, mbwa wamenyamaza, kila mtu amezima. Wewe bado uko macho. Umegeuka kushoto, umegeuka kulia, umecheki simu mara kumi. Unapiga hesabu: "Nikilala saa hii nitapata masaa matatu." Saa tisa inafika, bado uko tu.

Wasee, kwanza tuelewane. Kama unakesha kwa sababu ni zamu yako kulinda mifugo, hiyo ni kazi. Insomnia ni pale nafasi ya kulala iko, lakini usingizi unakuchenga. Ikikupata angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na mchana uko chini kabisa, hiyo sasa ni sugu.

Inaanzaje? Chukua ukame ulioanza mwisho wa 2020. Misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo. Mtu akiona ng'ombe wake wanaanguka mmoja mmoja, lazima atakesha na mawazo. Lakini mvua inaweza kurudi na usingizi usirudi. Kwa nini? Ubongo umeshajifunza kwamba kitandani ni mahali pa kuwaza. Ukilala chali tu, unawaka.

Hapo ndipo tiba inayoitwa CBT-I inaingia. Ni mazoezi ya kubadilisha tabia na mawazo yanayokunyima usingizi. Mwaka wa 2016, chama cha madaktari cha American College of Physicians kilisema watu wazima wenye insomnia sugu waanze na hii kabla ya tembe. Rada ni hii:

1. Usingizi ukikataa kwa kama dakika 20, toka kitandani. Kaa mahali pengine, bila simu, urudi ukisinzia. Kitanda si ofisi ya mawazo.

2. Punguza masaa ya kitandani. Unalala chini masaa 9 lakini usingizi wenyewe ni masaa 5 na nusu? Basi ingia saa tano na nusu usiku, amka saa kumi na moja alfajiri, kila siku. Adhana itakusaidia, maana huku karibu na ikweta haibadiliki sana mwaka mzima. Ukianza kulala sehemu kubwa ya huo muda, kama asilimia 85, ongeza dakika 15. Usishuke chini ya masaa 5.

3. Mawazo yaandike jioni, mapema. Deni, karo, mifugo, yote kwa karatasi.

4. Veve na chai kali, achana nazo jioni. Zote zinaamsha mwili.

Sasa utauliza, daktari wa usingizi utamtoa wapi Merti? Ndiyo maana hii tiba iliwekwa kwa simu. Mwaka wa 2012, Colin Espie na wenzake Uingereza walijaribu programu ya Sleepio kwa watu wazima 164, na walioitumia walilala vizuri kuliko wale wengine. Kuna pia Insomnia Coach, ya bure, ya idara ya wanajeshi wastaafu wa Marekani. Ina daftari la kuandika ulilala saa ngapi na ukaamka saa ngapi. Netiweki ikizingua, daftari la shule linatosha.

Sitakudanganya, wiki mbili za kwanza ni ngori. Mchana utasinzia, kwa hivyo usiendeshe boda ukiwa hivyo. Kama una kifafa, uko mjamzito, hisia zako hupanda na kushuka vibaya, au unakoroma hadi pumzi inakatika, ongea na watu wa kliniki kwanza. Na kama usiku unawaza kujitoa uhai, usingoje asubuhi: mwamshe mtu wa nyumbani, au pigia Msalaba Mwekundu Kenya 1199, ni bure.

Mimi nilipoacha chuo, usiku ulikuwa mrefu sana. Nilidhani nikijilaza mapema nitafidia. Wapi! Nilikuwa najiongezea tu masaa ya kuwaza.

Jipe wiki 6. Na leo usiku, ukijipata unahesabu masaa, inuka.