Nyumba ya Leo kwa Umbo la Lamu

Nyumba ya mawe ya Lamu humpokea mgeni kwa hatua. Kwanza daka, penye mabaraza ya kukalia. Kisha tekani, upenyo unaopinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Halafu kiwanda, ua ulio wazi juu. Ng'ambo ya kiwanda hufuata vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: misana, kisha ndani, chumba cha wenye nyumba. Anayejenga leo kwa umbo hili aanze na mpangilio huo. Mlango wa nakshi uliopachikwa kwenye nyumba isiyo na kiwanda ni pambo tu. Joto liko palepale.

Wembamba wa vyumba ulitokana na boriti za mikoko, ambazo hazikuweza kubeba dari zito la mawe na chokaa kwa upana unaozidi sana meta 3. Zege na nondo zimeondoa kikomo hicho, na wengi hukimbilia sebule pana kama ukumbi wa harusi. Afadhali kuishia meta 4, madirisha yakikabiliana, upepo upite moja kwa moja. Yatazame kaskazini na kusini, kwa kuwa karibu na ikweta jua linaloingia chumbani ni la asubuhi na la alasiri. Kibla cha Lamu nacho kiko karibu kaskazini kabisa, hivyo vyumba vingi vya kale vilielekezwa huko.

Kiwanda cha meta 4 kwa 4 kinatosha familia. Sakafu iteremke kidogo kuelekea tangi la maji ya mvua, na jiko likae ubavuni mwa kiwanda, anayepika awaone watoto wakicheza. Zamani jiko liliwekwa ghorofa ya juu ili moshi utoke. Kwa gesi, sababu hiyo imekwisha. Choo cha chumbani si jambo geni, kwani nyumba za kale zilikuwa nacho.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hufaa sana kwa vitabu na vyombo, ila ukuta wa tofali la sentimeta 15 hauna unene wa kuvichimba: hujengwa ukuta wa pili mbele yake.

Anayekarabati ukuta wa kale wa matumbawe asiupige plasta ya saruji. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya muda plasta hubambuka pamoja na jiwe. Chokaa huuacha ukuta ukauke.