Kuivisha Maji ya Tangi la Kulelea Vifaranga wa Samaki

Mkulima mwenye bwawa la perege aijua taabu hii: majike huzaa sana, lakini vifaranga wanaofikia ukubwa wa kuliwa ni wachache. Perege wakubwa huwala wadogo, na ndege nao huchukua fungu lao. Kambale wakiwamo, ni bahati kubaki na kitu. Kwa hiyo wakulima wengine hujenga tangi dogo karibu na nyumba. Asubuhi, makundi ya vifaranga yanapoonekana kandokando ya bwawa, huwateka kwa kipande cha chandarua na kuwalea katika tangi hilo mpaka wapate nguvu. Ni kitalu cha samaki, na faida yake ni ile ile ya kitalu cha miche. Lakini wengi waliojaribu wamepoteza vifaranga wote kabla ya majuma mawili kwisha, wakaiacha kazi.

Mzee mmoja alinionyesha tangi lake tupu. Alikuwa amelisugua vizuri, akalijaza maji safi, na siku ya pili akatia vifaranga. Siku nne walikuwa wazima kabisa. Siku ya sita walianza kupanda juu na kutweta, na siku ya tisa alimtoa wa mwisho amekufa. Mzee aliamini kuwa jirani yake, waliyegombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, alikuja usiku akatia sumu, na walikuwa hawasalimiani tena. Sumu ilikuwamo kweli, lakini walioitia ni samaki wenyewe.

Samaki hutoa taka ya mwili wake kwa njia ya matamvua, na sehemu kubwa ya taka hiyo ni amonia. Waijua harufu yake: ndiyo ile inayochoma pua uingiapo katika banda la kuku lisilofagiliwa. Chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vilevile. Amonia majini haionekani, na maji yaweza kuwa meupe kama ya kunywa huku yanaua.

Sasa fikiri habari ya samadi. Samadi mbichi huunguza miche, lakini iliyoiva huilisha. Kazi ya kuiivisha hufanywa na wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho, waitwao bakteria, na majini pia wapo. Kundi moja hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Hiyo nayo ni sumu, kwa kuwa huigeuza damu ya samaki kuwa ya rangi ya kahawia, isiweze kuchukua hewa vema. Kundi la pili hula nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo haimdhuru samaki ila ikizidi mno, tena ni chakula cha mimea. Wadudu wa namna hiyo hiyo ndio wanaoigeuza mbolea ya salfeti ya amonia katika shamba lako la mahindi.

Bwawa la zamani lina bakteria hao tele katika tope na mawe yake. Tangi jipya halina. Nao hukua polepole, hata yapasa kungoja majuma 4 mpaka 6 kabla hawajatosha. Katika sehemu za baridi, kama Njombe na Lushoto, ngoja zaidi. Vifaranga waliotiwa siku ya pili hawawezi kungoja hivyo.

Basi fanya hivi. Tangi la urefu wa mita 1 na upana wa mita 1, lenye maji ya kina cha sentimita 40, huchukua lita 400, nalo latosha kwa mwanzo. Laweza kuwa la plastiki, la kioo au la saruji. Kama ni la saruji mpya, lijaze maji, uyaache siku kadhaa, uyamwage, urudie mara tatu au zaidi. Saruji mpya hutoa ukali wa chokaa, na katika maji yenye ukali huo amonia huwa sumu kali zaidi. Liweke mahali penye kivuli kwa sehemu kubwa ya mchana. Jua kali hupasha moto maji machache upesi sana.

Tandaza kokoto zilizooshwa chini, unene wa vidole viwili, maana bakteria hawakai majini wakielea bali hujishikiza juu ya vitu. Kisha weka chujio la sponji linalovutwa na pampu ndogo ya hewa. Siku hizi ziko pampu zinazotumia umeme wa jua, ila hakikisha ina betri ya usiku, kwa sababu bakteria hao huhitaji hewa kama samaki. Ikiwa pampu imesimama siku nzima na sponji inanuka, isuuze kabla ya kuiwasha tena. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini huua samaki na bakteria pia, kwa hiyo yaache katika chombo kilicho wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatia.

Tangi likiisha kujaa, usitie samaki. Tia chakula peke yake: kijiko kimoja cha chai cha unga wa dagaa kila siku. Jirani zako watacheka kukuona unalisha maji. Waache. Unga ukioza hutoa amonia, nayo ndiyo chakula cha bakteria unaowafuga. Ukipata konzi mbili za kokoto au kipande cha sponji kutoka tangi la mtu ambaye samaki wake ni wazima, zitie zingali mbichi. Ni kama kutia chachu, na huenda ukapunguza siku nyingi. Usichukue kutoka kwa mtu ambaye samaki wake wanaugua, maana utaleta ugonjwa pamoja na mbegu.

Ziko karatasi za kupimia maji zinazobadilika rangi. Amonia itapanda kwanza, kisha nitriti. Siku utakapoona vyote viwili havipo tena, ingawa umetia unga jana yake, na nitrati imetokea, maji yameiva. Usipopata karatasi, ngoja majuma 6 kamili, kisha tia vifaranga 10 tu na uwatazame siku kumi. Wakiwa wazima, tia wengine kidogo kidogo, lakini wote wasizidi 100 katika tangi la ukubwa huu. Tamaa ya kujaza vifaranga 500 imewapotezea watu wote 500.

Tangu siku ya kwanza ya samaki, acha kile kijiko cha unga. Walishe chakula laini mara nne kwa siku, kiasi wanachoweza kukimaliza kwa dakika chache. Kila juma toa robo ya maji na utie mengine yaliyokaa wazi. Yale uliyotoa usiyamwage njiani, mwagilia mchicha, kwani yana nitrati. Sponji ikiziba, ikamulie ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si chini ya bomba wala kwa sabuni.

Ukiwaona wanatweta juu ya maji, acha kulisha siku hiyo, badili nusu ya maji, na utie chumvi ya kawaida gramu 400, yaani gramu 1 kwa kila lita. Chumvi huzuia nitriti isiingie katika damu. Amonia haiondoi, hiyo dawa yake ni kubadili maji.

Baada ya majuma manne au zaidi kidogo, vifaranga wakiwa na urefu wa kidole, wahamishe bwawani jioni. Eleza ndoo yao juu ya maji ya bwawa robo saa ili joto lilingane, kisha waache watoke wenyewe. Tangi usilikaushe. Rudisha kijiko cha unga kesho yake, na pampu iendelee, ili kundi la pili la vifaranga lisingoje majuma 6 mengine.