Mtoto Amepona, Mzazi Je?

Wazazi wapenzi, mkinikuta ofisini parokiani mtaniona mtu wa madaftari tu. Naandika waliobatizwa, naandika waliofunga ndoa, naandika na waliotutangulia. Lakini zamani nilisomea ualimu chuoni, na tabia ya mwalimu haijanitoka: nikijifunza jambo siwezi kukaa nalo peke yangu. Basi leo napenda kuwapa somo ambalo mimi nilifundishwa na binti yangu mwenye miaka 9. Nililipata kwa shida, tena kwa kosa langu mwenyewe.

Mtoto huyu tangu utoto wake alikuwa mwembamba kuliko wenzake. Kila masika alishikwa na kifua. Akienda kisimani na dada zake alirudi wa mwisho, akihema kama aliyekimbizwa. Watu walisema mengi. Wengine walisema ni mvivu, wengine walinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mpaka siku moja mganga wa zahanati alipoweka kipimo chake kifuani pake, akasikiliza, akasikiliza tena, kisha akaniambia: "Mwalimu, moyo wa mtoto huyu una sauti isiyo ya kawaida. Nitakuandikia barua, mpeleke mbele."

TUNDU LA MOYO

Yafaa tujue kwanza ugonjwa wenyewe, maana asiyejua huogopa mara mbili. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na katikati kuna ukuta. Upande mmoja hupeleka damu kwenye mapafu ikapate hewa safi, upande wa pili huisukuma damu hiyo safi mwili mzima. Mtoto angali tumboni mwa mama yake hatumii mapafu, kwa hiyo kuna kipenyo kidogo kati ya vyumba vya juu. Akizaliwa, kipenyo hicho kwa kawaida hujifunga. Lakini wako watoto wanaozaliwa na tundu hasa katika ukuta ule. Basi damu iliyokwisha kusafishwa hupenya tundu na kurudishwa tena mapafuni. Ni kama mtu achotaye maji kisimani, na kila akifika nusu ya njia humwaga sehemu yake, akarudi kuchota tena. Atachoka bure, na nyumbani maji hayatoshi.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huwa na kasoro fulani ya moyo. Si laana, wala si kosa la mama. Wako tena watoto wanaozaliwa na moyo mzima, ukaharibika baadaye kwa sababu ya maumivu ya koo yasiyotibiwa. Vijidudu vya koo huweza kuleta homa ya viungo, magoti na vifundo vikavimba na kuuma, na mwisho vali za moyo zikaharibika. Kwa hiyo mtoto akilia koo pamoja na homa, usingoje ipoe yenyewe. Mpeleke zahanati, na akipewa dawa azimalize.

MZAZI ALIYEAZIMISHA MOYO WAKE

Zamani mtoto mwenye tundu moyoni hakuwa na tiba. Tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, daktari John Lewis alimpoza mwili msichana wa miaka 5, akaufungua moyo wake, akaliziba tundu lake, na mtoto akapona. Lakini njia ile ya kupoza mwili iliwapa madaktari dakika chache tu, nayo haikutosha kwa kasoro kubwa zaidi.

Mwaka 1954, katika chuo kile kile, daktari Walton Lillehei na wenzake walijaribu jambo la ajabu. Walimlaza mtoto juu ya meza, na juu ya meza ya pili karibu naye wakamlaza mtu mzima mwenye damu inayopatana na yake, mara nyingi baba au mama yake. Wakaunganisha mishipa yao kwa mipira. Moyo na mapafu ya mzazi vikafanya kazi ya watu wawili, wakati daktari akishona ndani ya moyo wa mtoto. Mtoto wa kwanza alifariki baada ya siku chache. Hata hivyo, kati ya wagonjwa 45 waliotibiwa hivyo mpaka mwaka 1955, 28 walitoka hospitali wakiwa hai. Baadaye kazi ile ya mzazi ilichukuliwa na mashine.

Kwetu Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, na watoto hupasuliwa moyo hapa hapa nchini. Matundu mengine siku hizi huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Tundu la binti yangu halikuwa la namna hiyo, lilihitaji kushonwa. Sitawachosha kwa habari za safari na za siku ile. Ilitosha kwamba jioni daktari alitoka akasema: "Limezibwa." Siku zilipotimia tukarudi nyumbani. Hapo mimi nilidhani kazi imekwisha. Kumbe kazi yangu ndiyo ilikuwa inaanza.

SIKU ZA KULINDA

Ndugu msomaji, ukirudi na mtoto wa namna hii, kuna mambo ambayo hapana budi kuyashika. Ili kuufikia moyo, mfupa wa katikati ya kifua hukatwa, kisha hufungwa kwa waya za chuma, na waya hizo hubaki. Mfupa huo huchukua wiki 6 mpaka 8 kushikana. Kwa hiyo usimwinue mtoto kwa kumshika makwapani. Mpitishie mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega. Asibebe ndoo wala kuni, asimbebe mdogo wake mgongoni, asipande mti. Michezo ya kugongana na kuanguka yangoje miezi 3 hivi, au mpaka daktari aruhusu.

Kidonda kiwe kisafi na kikavu. Asiogelee mtoni kabla hakijafunga. Asipakwe majani wala samli wala kitu chochote ambacho hospitali haikutoa, hata kama bibi amekileta kwa mapenzi. Dawa zitolewe kwa saa zake, na tarehe za kliniki zisivunjwe kwa sababu ya kilimo. Meno yapigwe mswaki asubuhi na usiku, maana vijidudu vya meno mabovu huweza kuingia katika damu na kuushambulia moyo. Tena, kabla mtoto hajang'olewa jino, mwambie mganga kwamba alipasuliwa moyo.

Ukiona homa, kidonda chekundu au chenye usaha, kifua kikialika anapojigeuza, uso au miguu kuvimba, pumzi za haraka, midomo kuwa ya buluu, au mtoto kukataa chakula na kulegea, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: mtoto huweza kuota ndoto mbaya, kumng'ang'ania mama yake, hata kukojoa kitandani tena ingawa alikwisha acha. Usimchape wala kumcheka. Amepita penye hofu kubwa, na roho yake yarudi polepole. Kwa kawaida hupita baada ya majuma kadhaa. Yasipopita, mwambie daktari.

Haya yote niliyafanya. Nilifungua daftari kama la parokia, nikapiga mistari: dawa, joto, chakula, usingizi. Usiku niliamka na tochi, nikahesabu pumzi zake. Mama yake aliniambia, "Baba, lala kidogo," nami sikulala.

KOSA LANGU

Mwezi wa tatu tulikwenda kliniki. Daktari alimpima, akatazama picha ya moyo, akasema: "Amepona vizuri. Aende shule, acheze na wenzake. Akichoka atapumzika mwenyewe." Nilimshukuru sana. Lakini, wazazi wapenzi, maneno yale yaliishia masikioni. Nyumbani niliendelea na daftari langu. Shule nikasema angoje muhula ujao. Nikawakataza watoto wa majirani wasimguse kwa nguvu, mpaka wenyewe kwa wenyewe wakaanza kuambiana, "Msimsogelee yule, atapasuka." Dada zake walichota maji na kupepeta mahindi, naye alikaa mkekani, nao wakaanza kumwonea kijicho. Nilidhani huo ndio upendo.

Mwezi wa tano, siku moja nilirudi mapema kutoka ofisini. Nyuma ya jiko nikasikia sauti: "Moja, mbili, tatu, nne!" Nikazunguka. Binti yangu alikuwa akiruka kamba na binamu zake, uso umemng'aa kwa furaha. Nilipiga kelele, nikaruka, nikaishika ile kamba. Watoto wengine walikimbia. Yeye alibaki amesimama, akaweka mkono juu ya kovu lake, akaniuliza polepole:

"Baba, kumbe sijapona?"

Sikuwa na jibu. Jioni hakula. Kesho yake hakutaka kuamka. Alimwambia bibi yake kwamba atakufa, na kwamba sisi wakubwa tunamficha. Joto nilipima, hakuna. Pumzi nilihesabu, ni za kawaida. Hapakuwa na dalili hata moja ya zile tulizofundishwa. Ndipo mama yake aliponiambia neno ambalo sitalisahau: "Daktari alisema amepona. Lakini mtoto hasomi cheti cha daktari, anasoma uso wako."

Nilimpigia simu mwuguzi aliyetuhudumia, nikamweleza yote. Hakunicheka. Alisema wazazi wengi hupatwa na hali hiyo: kidonda cha mtoto hufunga, hofu ya mzazi hubaki wazi. Akasema pia kwamba mtoto asiyetembea na kucheza hudhoofika mwili, na moyo uliotengenezwa wahitaji kazi ili upate nguvu.

Nikawakumbuka wale wazazi wa mwaka 1954. Kazi yao pale mezani ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na mwisho. Tundu likishonwa, mipira ilifunguliwa, na moyo wa mtoto uliachwa upige wenyewe. Mzazi ambaye angekataa kufunguliwa angemdhuru mtoto na kujidhuru mwenyewe. Mimi nilikuwa bado nimelala juu ya meza ile, miezi mitano.

KUMWACHIA KIDOGO KIDOGO

Basi tulianza upya. Kwanza nilimwomba msamaha mtoto. Msishangae, wazazi, baba akikosa naye huomba msamaha, wala heshima yake haipungui. Nikamwambia, "Umepona, mwanangu. Aliyekuwa anaogopa ni mimi."

Pili, nilikwenda shuleni kumweleza mwalimu wake: nini kilifanyika, nini chaweza kufanywa, na dalili zipi zitakazotaka aniite. Mwalimu akiwaeleza watoto kwamba mwenzao ameshonwa na kupona, mnong'ono hukoma. Juma la kwanza nilimsindikiza mpaka mlangoni, la pili mpaka mwembeni, la tatu alikwenda na dada zake.

Tatu, alipewa kazi kama wenzake, kwa kipimo. Alianza na kufagia uwanja, kisha kuosha vyombo, kisha kidumu cha lita 3 kutoka kisimani. Dada zake wakaacha kijicho, maana waliona sasa ni mmoja wao.

Nne, tulimfundisha kuusikiliza mwili wake: akisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio bila kutulia, aketi na kusema mara moja. Mtoto anayejua kusema "nimechoka" ana mlinzi anayekwenda naye kila mahali. Mimi siwezi kwenda naye kila mahali.

Ile kamba nilimrudishia mwenyewe. Akaniambia, "Shika upande ule, Baba." Nikashika, binamu yake akashika upande wa pili, tukazungusha. Yeye akaruka, nami nikahesabu kwa sauti. Mikono ilinitetemeka. Alipofika 23 alisimama, akacheka, akasema, "Nimechoka," akaketi chini ya kivuli kunywa maji. Hakuna aliyemwambia.

Sitawadanganya kwamba hofu imeniisha. Kliniki bado twaenda kila tunapoitwa, na usiku mwingine bado nasimama mlangoni pake kidogo. Lakini daftari nimelifunga, nimeliweka kabatini pamoja na barua ya yule mganga wa zahanati.

Wazee wetu walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Nyumbani kwangu nililia mimi, na mtoto akalia pia. Kwa hiyo, wewe mwenye mtoto aliyetoka hospitali, iwe kwa moyo au kwa ugonjwa mwingine mkubwa, mlinde sana katika siku za kulinda. Muulize daktari siku hizo zinaisha lini, tena uiandike tarehe hiyo. Ikifika, mwachie kidogo kidogo acheze na wenzake.